Nyonga ya Watasema

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, saa mbili na robo asubuhi, manyunyu membamba yalikuwa yakidondoka juu ya mabati ya Masuguru mjini Korogwe, na milima ya Usambara ilikuwa imejifunika wingu zito kutoka kileleni hadi kiunoni, wakati kirikuu, kigari cha mizigo cha Mustapha Mhina, kiliposimama mbele ya kliniki ya wanyama ya Daktari Lea Semboja. Walikuwa wametoka Kwaluguru, wilayani Handeni, mara baada ya swala ya alfajiri. Mbele, kando ya Mustapha, alikaa kaka yake, Mwalimu Mbaruku Mhina, mkuu wa shule mstaafu, shati lake jeupe limefungwa vifungo hadi kooni kana kwamba anakwenda kukagua gwaride. Nyuma, kwenye bodi, alikaa Husna, mke wa Mwalimu, mvua ikimnyeshea, mkono wake juu ya shingo ya mbwa mkubwa mweusi aliyelazwa kwenye gunia la katani.

Hakuna aliyemwamuru Husna akae nyuma. Mbwa alikuwa akitulia kwa mkono wake tu, hilo lilijulikana. Lakini ilikuwepo sababu nyingine, nayo aliijua mwenyewe: asubuhi ile hakutaka kukaa bega kwa bega na mumewe.

Mbwa aliitwa Watasema. Mwalimu ndiye aliyempa jina hilo, siku majirani waliponong'ona kwamba mtu mzima, tena wa safu ya mbele msikitini, amestaafu na kuanza kufuga mbwa. Mwalimu aliwajibu kwamba dini imemruhusu mkulima kuwa na mbwa wa kulinda shamba, na kwamba asiyelijua hilo akasome; kisha akamwita mbwa kwa jina hilo kwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu. Watasema alilala chini ya dungu la kulindia mazao shambani, akala chakula chake huko, na tangu alipokomaa nguruwe pori hawakuwahi kulala na mahindi ya Mwalimu tumboni.

Ilikuwa katikati ya mwezi wa Mei jioni moja Husna alipokwenda mpakani mwa shamba kuchuma majani ya kunde. Nguruwe dume alitoka kichakani bila kishindo. Husna alikumbuka kuanguka, akakumbuka harufu ya mnyama yule, nzito na chachu, karibu kabisa na uso wake. Kisha akamwona Watasema akipita juu ya kifua chake kama kitu kilichotupwa. Nguruwe alipoondoka, Husna hakuwa na jeraha ila michubuko ya viwiko. Mbwa alikuwa amepasuliwa nyonga ya kushoto.

Majirani walipofika kutoa pole, Mwalimu alisimama barazani na kusema maneno ambayo watu walikwenda nayo majumbani: "Deni la mbwa huyu ni langu. Mimi ndiye nitakayelilipa."

Bwana mifugo wa kata alishona jeraha, na jeraha likafunga vizuri. Mguu ndio uliokataa. Watasema alikwenda kwa miguu mitatu, akilala alilia, akiguswa nyonga alikunja midomo hata kwa Husna. Na Mwalimu, ambaye hakuwahi kusema neno moja na kutenda jingine, akatamka neno la pili kwa sauti ileile ya baraza: mnyama hawekwi ateseke ili binadamu ajisikie ana huruma, kama hatasimama kwa miguu minne kabla ya mavuno, daktari atamchoma sindano ya kumlaza moja kwa moja. Husna alimjua mumewe. Lile halikuwa tishio, ilikuwa ratiba.

Basi Mwalimu akaitwa Mkumbara kumzika rafiki yake waliyesoma naye bweni moja, akakaa huko hadi matanga yalipoanuliwa. Katika siku hizo Husna alimpakia Watasema kwenye kirikuu cha shemeji yake Mustapha, akampeleka kwa Bi Zamda.

Bi Zamda alikuwa mjane wa mwindaji. Alijua kuchanja mbwa wa mawindo: chale ndogondogo kwa wembe, na ndani yake kusugua masizi ya mizizi iliyochomwa, yaliyochanganywa na mafuta ya nyonyo, mpaka weusi ukae chini ya ngozi usitoke tena. Wapo waliosema inaunga misuli, wapo waliosema inarudisha ukali. Mwaka uliotangulia, katika mkutano wa kijiji, Mwalimu Mbaruku alikuwa amemsimamisha bibi huyo mbele ya watu wote na kumhoji kama mtoto aliyekutwa na karatasi ya majibu: mizizi gani, inafanya kazi gani, nani amethibitisha? Bi Zamda hakuwa na majibu, akakaa chini huku vijana wakicheka. Kwa hiyo Husna alipofika na mbwa wa Mwalimu, mjane alimtazama kwa muda mrefu kabla ya kutafuta wembe.

"Nitamchanja," alisema, "kwa sababu mnyama hana kosa. Lakini mumeo asijue. Sitaki kusimamishwa mara ya pili."

Husna akaapa.

Mwalimu aliporudi kutoka Mkumbara alikuja na habari mpya na uso wenye nuru. Matangani alikuwa amekaa na mzee Abraham Semboja, naye akamweleza kwamba binti yake Lea, ambaye Mwalimu alimfundisha mwenyewe shule ya bweni, sasa ni daktari wa wanyama Korogwe, na ana mashine ya leza: mwanga unaopita chini ya ngozi bila kisu wala sindano, ukatuliza maumivu na kuharakisha kupona. Mwalimu alisema hiyo ndiyo elimu. Wakati huo Husna alikuwa akimenya mihogo, na manyoya meusi ya Watasema yalikuwa yamekwisha kuanza kuzifunika chale. Akanyamaza. Ikaja Idd, ikapita, akawa bado amenyamaza.

Daktari Lea aliwapokea mlangoni. Alikuwa msichana mrefu wa Kishambaa mwenye koti jeupe, na alipomwona Mwalimu alinyooka kama walivyokuwa wakinyooka darasani.

"Shikamoo, Mwalimu. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Bado unaandika kwa mkono wa kushoto?"

"Bado, Mwalimu. Viboko vyako havikunibadilisha."

Mwalimu alicheka kidogo, jambo la nadra. Wakambeba Watasema, Mustapha kichwani na Lea miguuni, wakamlaza juu ya meza yenye mpira, ubavu wa kushoto juu. Lea akamfunga mdomo kwa kitambaa laini, akieleza kwamba mbwa mwenye maumivu humng'ata hata anayempenda. Akapapasa nyonga. Vidole vyake vilikwenda, vikarudi, vikasimama mahali pamoja.

"Hapa pana vipele. Kama vinundu vidogo."

"Miiba," Mwalimu alisema. "Huyu si mbwa wa sebuleni."

Lea aliuliza maswali yake yote kwa utaratibu: chakula, homa, dawa alizopewa, uvimbe wowote mwingine mwilini. Alieleza kwamba mfupa haukuvunjika. Ni misuli na kiungo vilivyojaa uvimbe wa ndani, na mwanga huu hauungi mifupa wala hauna miujiza, ila hutuliza uvimbe, huamsha damu, humpa mnyama nafasi ya kuukanyagia mguu bila kuuogopa. Akaongeza kwamba rangi nyeusi hunywa joto, kwa hiyo kwa mbwa wa manyoya kama haya atapunguza nguvu ya mashine. Kisha akachukua mashine ndogo ya kunyolea kutoka kwenye trei, akiishika huku akizungumza.

"Jambo la mwisho, nawauliza wote wanaotoka vijijini. Amewahi kupakwa masizi au kuchanjwa chale? Weusi ukikaa chini ya ngozi, mwanga wote huishia papo hapo, na ngozi huungua."

Husna aliinamisha uso juu ya shingo ya mbwa. Mustapha, aliyekuwa ameegemea mlango, alimtazama, akatazama kaka yake, akajaribu njia ambayo utani wa shemeji humruhusu mtu kupitia. Alisema kwamba nyumba usiyolala ndani yake huijui hila yake. Nani ajuaye, huenda hata Mwalimu mwenyewe mgongo ukimkaza usiku hunyatia kwa Bi Zamda akachanjwe, na shemeji yake humshikia taa. Ilikuwa hatua moja tu kuelekea kwenye ukweli, na kama Mwalimu angecheka, Husna angeweza kuichukua hatua ya pili.

Mwalimu hakucheka.

"Lea," alisema, "umekaa darasani kwangu miaka minne. Unaniuliza mimi habari za chale? Katika nyumba yangu hakuna kitu hicho."

Daktari akainamisha kichwa. "Samahani, Mwalimu." Akairudisha mashine ya kunyolea kwenye trei.

Husna aliitazama trei ile. Alielewa kilichotendeka kwa uwazi uliomtisha: Lea alikuwa amekusudia kunyoa na kutazama, kama anavyofanya kwa kila mtu, na sasa hatanyoa, kwa kuwa kunyoa kungekuwa kumwambia mwalimu wake kwamba huenda amesema uongo. Na Mwalimu hakuwa amesema uongo. Alikuwa amesema alichokijua, kwa niaba ya nyumba ambayo hakuijua yote.

Miwani ya kukinga macho ilikuwa tatu. Lea alivaa moja, akampa Mwalimu ya pili na Husna ya tatu, akamwomba Mustapha atoke nje na kufunga mlango, maana mwanga ule ukirudi kutoka kwenye chuma huweza kumtia mtu upofu. Mustapha akatoka polepole kuliko ilivyohitajika. Husna alivua mtandio wake wa juu, kanga ya pili, akamfunika Watasema macho, akabaki ameinama juu ya kichwa chake.

"Nitaanza mgongoni," Lea alisema, "nishuke taratibu, azoee. Nyonga tutaifikia mwishoni."

Mashine ikatoa mlio mwembamba. Doa jekundu likatua juu ya uti wa mgongo wa mbwa, likaanza kuzunguka katika duara ndogo, bila kusimama. Watasema alikakamaa, halafu, baada ya kitambo, akashusha pumzi. Mwalimu alisimama mikono nyuma, akifuatilia kwa makini ya mkaguzi, na nyuma ya ile miwani ya kijani uso wake ulikuwa umeridhika. Husna hakuwa amemwona hivyo tangu siku ya kustaafu.

Ndani ya Husna mambo mawili yalishikana mashati. Tangu aolewe hakuwahi kumkanusha mumewe mbele ya mtu wa tatu, wala mumewe hakuwahi kumkanusha yeye. Ndiyo iliyokuwa stara yao. Wengine walikuwa na ng'ombe, wao walikuwa na hiyo. Na sasa mtu wa tatu mwenyewe ni mwanafunzi wake, yule anayenyooka akimwona. Juu ya hayo kulikuwa na kiapo alichompa mjane. Upande wa pili hapakuwa na hoja yoyote, palikuwa na mbwa tu, mdomo umefungwa, macho yamefunikwa kwa kanga yake, ametulia kwa sababu mkono wake ulikuwa shingoni. Angeungua akiamini kwamba yuko salama. Na akiungua, hatakubali tena kuguswa nyonga. Asipoguswa hatatibiwa, mavuno yatafika, na Mwalimu atatimiza ratiba yake.

Doa jekundu lilipita mbavu za mwisho.

"Baba Zuena," Husna alisema, "labda wangemnyoa kidogo. Ngozi ionekane."

"Daktari anaijua kazi yake, Mama Zuena."

Lea aliinua macho mara moja, akayarudisha kwenye kazi. Mwanga ukapanda mfupa wa kiuno, ukashuka. Husna alikumbuka methali ambayo mumewe aliwaandikisha wanafunzi vizazi na vizazi, kwa hati ya kuunganisha, kila mtoro aliporudishwa: mficha maradhi kifo humuumbua. Alitamani kumwambia aitamke mwenyewe sasa hivi, wapumzike wote.

Doa likafika ukingo wa nyonga. Lilizunguka mara moja pembeni mwa chale ya kwanza. Chini ya mkono wa Husna shingo ya Watasema ilikaza ikawa kama kamba ya ndoo kisimani. Mbwa hakulia, kwa kuwa hakuwa na mdomo wa kulilia, alitetemeka tu kutoka shingoni hadi mkiani.

"Ni msisimko wa kawaida," Mwalimu alisema.

"Zima, mwanangu," Husna alisema. "Zima. Ana chale."

Mlio ukakatika. Lea hakumtazama Mwalimu. Alichukua mashine ya kunyolea kwa ule mkono wake wa kushoto, akanyoa nyonga, na manyoya yakaanguka sakafuni kwa mafungu. Safu za chale zikatokea, nyeusi, zimepangwa kama mishono ya mkeka, na ile ya ukingoni kabisa ilikuwa imetuna, imezungukwa na wekundu. Lea akaweka kitambaa chenye maji baridi juu yake.

"Ningepita hapa katikati, Mwalimu," alisema, "ningemchoma kama pasi. Naye hawezi kupiga kelele."

Mwalimu alivua miwani. Aliikunja, akaitazama, akaiweka mezani mahali palepale ilipotoka.

"Nani?" aliuliza.

"Mimi," Husna alisema.

"Nauliza mkono uliochanja."

"Nimeshajibu. Hesabu kuwa ni wangu."

"Husna."

Hakuwa amemwita kwa jina tangu binti yao Zuena azaliwe. Husna alivua miwani yake pia, akamtazama. Alijua kwamba mumewe analijua jina analolitafuta, kwa sababu Kwaluguru nzima hakuna mwingine. Alichotaka ni litoke kinywani mwake, ili jambo liwe na mhalifu, ashitakiwe, lifungwe. Hakumpa.

Mwalimu akamgeukia mwanafunzi wake. Aliuliza, kwa sauti ya mtu anayesoma maneno kutoka mbali, kama zile chale zimemdhuru mbwa. Lea alijibu kwamba hazikumdhuru, wala hazikumponya; ambacho kingemdhuru ni kutosemwa. Akajinyoosha.

"Na mimi pia nina kosa. Mashine ya kunyolea ilikuwa mkononi mwangu, nikaiweka chini."

"Uliiweka kwa sababu yangu."

Mtu mwingine angesema hapana. Lea alisema, "Ndiyo, Mwalimu."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa, mara moja, kama alivyokuwa akifanya mwanafunzi anapotoa jibu sahihi lisilopendeza. Akamwomba aendelee na kazi, kama kazi ingali inawezekana. Ilikuwa inawezekana. Lea aliziacha chale zote chini ya kitambaa kibichi, akaelekeza mwanga mbali nazo, kwenye misuli ya kiuno, kisha wakamgeuza mbwa na akaufikia ule mguu kutoka upande wa ndani ya paja, ambako wembe wa Bi Zamda haukugusa. Safari hii alikuwa akiweka kiganja chake juu ya ngozi kila mara kupima joto, na kila mara alimuuliza Husna, siyo Mwalimu, shingo inasemaje. Husna alijibu: imelegea. Baadaye alijibu: amelala.

Waliposhusha Watasema sakafuni, alisimama kwa mitatu, kama kawaida. Kisha mguu wa nne ukashuka, kucha zikagusa saruji, zikakaa hapo kwa muda wa kuvuta pumzi, zikainuka tena. Lea alisema asichukuliwe kuwa amepona. Arudishwe kila wiki, chale zikiepukwa vilevile, na neno la sindano liwekwe kando mpaka yeye mwenyewe atakaposema hakuna tumaini. Mwalimu akakubali. Aliposindikizwa hadi mlangoni alimpa Lea mkono, akasema kwamba siku nyingine akimuuliza swali mtu yeyote, hata awe nani, asikubali jibu mahali ambapo macho yanaweza kufika.

Nje, Mustapha alikuwa amefungua bodi na kutandika gunia upya. Alizisoma nyuso zao, akajitia kukagua tairi. Husna alipanda akamvuta mbwa kifuani, juu ya kanga iliyolowa. Mwalimu akabaki chini, ameshika ubao wa bodi, mvua ikimharibia pasi ya shati.

"Umeniaibisha mbele ya mwanafunzi wangu."

"Najua."

"Ungeniambia nyumbani."

"Ningekuambia nyumbani, Baba Zuena, Ijumaa ijayo bibi mmoja angesimamishwa mbele ya kijiji. Nilikosea kunyamaza. Lakini usiniulize kwa nini nilinyamaza, jiulize."

Mwalimu alitazama upande wa mlimani, ambako wingu lilikuwa limeanza kuachia. Aliposema, haikuwa sauti ya barazani.

"Sitamsimamisha mtu. Lakini leo siwezi kukushukuru."

"Sikuomba."

"Niliwaahidi majirani. Nilisema deni la mbwa huyu nitalilipa mimi."

Husna aliukunja mdomo wa gunia juu ya mguu wa Watasema usipate baridi, akaivuta kanga hadi begani.

"Halikuwa lako," alisema. "Aliyeangushwa pale shambani ni mimi, na leo nimelilipa."